Pamba, Mizani na Madarasa ya Kisomo

Mkulima wa pamba wa Usukuma alikuwa na sababu ya kutaka kujua kusoma kabla Serikali haijamwambia asome. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamba yake ilinunuliwa na wafanyabiashara, na kilio kikubwa kilikuwa mizani: mzigo uliotoka nyumbani mzito ulifika dukani mwepesi. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kupima upya kwenye vituo vya kununulia. Kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukazaliwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, VFCU.

Naanza na mizani kwa sababu masimulizi ya kisomo, yaani kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, kwa kawaida huanzia kwa Mwalimu Nyerere, aliyeutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kanda ya Ziwa, ilimo Usukuma, haikumsubiri. Tangu 1968 palikuwa na mradi wa majaribio wa UNESCO, makao yake Mwanza, uliogusa mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi.

Kitabu cha wakulima wa pamba kiliitwa Pamba ni Mali. Mwanakisomo hakukaririshwa herufi kama mtoto wa darasa la kwanza. Wanakisomo walianza kwa kujadili jambo la shambani, wakachukua neno lake, wakalikata silabi, kisha silabi hizo zikaunda maneno mengine. Pembeni palikuwa na shamba la mfano: nafasi kati ya mistari, wakati wa kupanda, namna ya kupiga dawa. Hesabu nayo ilikuwa ya kilo na shilingi.

Ugumu mmoja hautajwi sana. Mama wa Kisukuma, na wanawake ndio waliojaza madarasa hayo, alijifunza kusoma kwa Kiswahili huku nyumbani akisema Kisukuma mchana kutwa. Alikuwa akibeba mizigo miwili kwa mpigo. Mwalimu wake mara nyingi alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, aliyelipwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi. Mimi nawahesabu vijana hao kuwa mashujaa wa habari hii kuliko wataalamu wa UNESCO kutoka Paris.

Mwaka 1974 Mwanza ilianza kuchapisha gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, ili aliyehitimu asikose cha kusoma. Agosti 1975 ukafika mtihani wa kwanza wa taifa wa kisomo. Kwa hesabu za Serikali, wasiojua kusoma walishuka kutoka karibu asilimia 67 mwaka 1967 hadi 39. Kufikia 1986 ilitangazwa kwamba wamebaki asilimia 10.

Lakini mwaka 1976, mwaka mmoja tu baada ya mtihani ule, Serikali ilivivunja vyama vya ushirika. Mkulima aliyekwishajua kusoma stakabadhi yake akabaki bila chama cha kupelekea hoja yake. Vyama vilirudi miaka ya 1980, lakini wakati huo uchumi ulikuwa taabani, karatasi haba na posho za walimu hazina uhakika. Maarifa yasiyotumika huyeyuka: sensa ya 2012 ilikuta zaidi ya mtu mmoja kati ya watano wa miaka 15 na kuendelea hajui kusoma na kuandika.

Kilichobaki imara ni vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa msaada wa Sweden. Shinyanga ina Buhangija. Katika vyuo vya aina hiyo, shirika la Karibu Tanzania limeendesha mpango wenye jina lilelile la gazeti, Elimu Haina Mwisho, kwa wasichana na kina mama vijana walioacha shule. Wanasoma masomo ya sekondari pamoja na ufundi, na mtoto analelewa chuoni mama akiwa darasani. Hawa hawaanzii kwenye silabi. Hadi Novemba 2021, Serikali iliporuhusu waliojifungua kurudi katika shule za kawaida, vyuo hivyo vilikuwa miongoni mwa milango michache iliyobaki wazi kwao.