Mita, Ratili na Plagi: Mpaka wa Wakoloni Unaoendelea Kutugawa

Mwanafunzi anayetoka Dar es Salaam au Kampala kuja kusoma Kigali hukuta saa yake iko mbele kwa saa moja, magari yanapita upande wa kulia, na plagi yake ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi ya matundu ya mviringo. Wengi huona kwamba hayo ndiyo mambo ya ugenini. Insha hii inaonyesha kuwa tofauti za barabarani na ukutani ni urithi wa kikoloni.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Rwanda, Burundi na Tanganyika zilikuwa koloni moja la Wajerumani, makao makuu yakiwa Dar es Salaam. Wajerumani walipima kwa mita na kilo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliitwaa Rwanda, nao wakaendelea na vipimo hivyo hivyo. Tanganyika ilikwenda kwa Waingereza, walioleta maili, ratili na galoni. Hivyo watu waliokuwa chini ya bendera moja wakaanza kupima kwa namna mbili.

Umeme ulifuata njia hiyo hiyo. Plagi ya pini tatu bapa ilitangazwa kuwa kiwango cha Uingereza mwaka 1947, ikasambaa katika makoloni yake. Rwanda ilifuata plagi za Ulaya bara.

Baada ya uhuru, Kenya, Uganda na Tanzania ziliacha maili na ratili. Mbona plagi hazikuachwa? Kipimo hubadilishwa kwa sheria, mizani mpya na somo shuleni. Soketi imo ndani ya ukuta wa kila nyumba, na gharama ya kuing'oa ni ya mwenye nyumba.

Baada ya 1994, Wanyarwanda waliorejea kutoka Uganda na Tanzania walikuja na mazoea ya upande mmoja. Waliotoka Burundi na Kongo walikuja na ya upande wa pili. Leo maduka ya Kigali huuza adapta na soketi zinazopokea plagi za aina zote mbili. Hata hivyo, adapta ya bei nafuu yenye pini mbili tu hukata waya wa ardhi, ule unaomkinga mtu asipigwe na umeme. Urithi huu basi una hatari pia.

Katika maporomoko ya Rusumo, kwenye mto Akagera, kuna mtambo wa megawati 80 ambao Rwanda, Burundi na Tanzania hugawana sawa kwa sawa. Umeme ni ule ule, wa mizunguko 50 kwa sekunde. Kinachotofautiana ni mlango wa kuingilia nyumbani. Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Jumuiya ina sheria ya viwango ya mwaka 2006. Kuta za zamani haziwezi kubomolewa zote, lakini majengo mapya yanaweza kuanza na soketi moja tuliyoichagua wenyewe.