Kitako cha bunduki nzito: namna ya kuchagua kinachorekebishika na kudumu

Mwaka 2001 Uganda iliruhusu tena uwindaji wa leseni, kwa majaribio, kando ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Nyati ni miongoni mwa wanyama wanaowindwa huko, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda yenye makao yake makuu Kampala. Bunduki za kuwindia nyati hupiga teke kali, na kitako kisichomfaa mwindaji kinaweza kugharimu maisha.

Kwa nini kitako ni muhimu?

Kaliba ya .375 H&H, iliyotoka mwaka 1912, hurusha risasi ya gramu 19 hivi kwa takriban mita 770 kwa sekunde. Nguvu inayoisukuma risasi mbele huirudisha bunduki begani. Anayeliogopa teke hilo hufumba macho na kukivuta kifyatulio kwa pupa. Risasi humpata nyati tumboni, naye hukimbilia kichakani akiwa na jeraha. Anayekutana naye baadaye huenda ni mfuatilia nyayo, au mwanakijiji apitaye njia.

Vipimo gani virekebishwe?

Cha kwanza ni urefu kutoka kifyatulio hadi mwisho wa kitako. Watu wazima wengi hufaa kati ya sentimita 34 na 36. Kitako kifupi mno huifanya darubini kumgonga mtu kwenye nyusi. Kirefu mno hukwama kwenye nguo bunduki inapoinuliwa. Cha pili ni kimo cha shavu: jicho lielekee katikati ya darubini bila shingo kunyooshwa.

Kipi kitadumu?

Kila kiungo kinachosogea ni mahali pa kulegea. Kitako cha kuvutwa na kusukumwa, kama cha bunduki nyepesi za kijeshi, hutegemea pini ndogo. Kwa kaliba nzito, vipande vya kuongeza urefu vilivyokazwa kwa skrubu ndefu za chuma ni imara zaidi.

Mti wa jozi hupendeza, lakini hufura wakati wa mvua za Kampala, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, na husinyaa katika ukavu wa Karamoja. Mbao zilizogandishwa tabaka kwa tabaka, au faibaglasi nzito, hubadilika kidogo tu. Jino la chuma lililo chini ya mtutu likae barabara ndani ya kitako; likicheza, teke litakipasua.

Baada ya marekebisho, chora alama ya rangi juu ya kila skrubu, piga risasi chache uwanjani, kisha uzikague alama. Iliyohama inaonyesha skrubu iliyolegea. Kumbuka pia kuwa Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 humtaka mmiliki awe na leseni.

Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja mwanzoni mwa karne ya 20, alisifika kwa kutumia bunduki nyepesi ya kaliba ya .275. Alitegemea shabaha kuliko ukubwa wa risasi. Kitako kikikutosha na bado unashtuka, bunduki imekuzidi: chagua kaliba ndogo zaidi, ilimradi kanuni zinairuhusu kwa mnyama unayemwinda.