Ng'ombe Waliowafundisha Watu Kompyuta

Vita vilipoikumba Bor, katika jimbo la Jonglei la Sudan Kusini ya leo, mwaka 1991, Wadinka wengi walihamia kusini, Equatoria, na mifugo yao. Huko ng'ombe wao walikutana na kupe wa kahawia apendaye masikio, mwenezaji wa ndigana kali. Baada ya mkataba wa amani wa 2005 watu wakarudi kwao, ng'ombe wakarudi, na kupe akarudi nao. Ndigana ikaingia Jonglei kwa wafugaji ambao hawakuizoea. Mkazi wa Hai Jalaba, mjini Juba, huuliza bei ya nyama tu, lakini kupe naye yumo ndani ya bei hiyo.

Ugonjwa huu ni miongoni mwa mambo yaliyowalazimisha wanabiolojia wa Afrika Mashariki kujifunza kazi ambayo wengi hawakuisomea: kuandika programu.

Mwaka 1973 ilianzishwa Nairobi maabara ya kimataifa ya ILRAD, ikakabidhiwa maadui wawili, ndigana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Baadaye iliunganishwa na kituo cha Addis Ababa, ikawa ILRI. Chanjo ya ndigana ilikuwapo tangu miaka ya 1970, nayo ilitoka Muguga, nje kidogo ya Nairobi: ng'ombe huchomwa mchanganyiko wa vimelea hai, na papo hapo hupewa oksitetrasaiklini ili wasimuue. Inakinga vizuri. Ila lazima ihifadhiwe kwenye mtungi wa naitrojeni baridi mno, jambo gumu katika kambi ya ng'ombe.

Ikatafutwa njia nyingine. Mwaka 2005 ILRI na taasisi ya TIGR ya Maryland, Marekani, zilichapisha jenomu ya kimelea chenyewe, Theileria parva: herufi zipatazo milioni 8.3, kromosomu 4, jeni za protini 4,035. Nani angezisoma kwa macho? Watafiti walifikiri hivi: kimelea hujificha ndani ya chembe nyeupe ya damu, kwa hiyo walinzi wa mwili watamgundua kwa protini anazozitoa nje. Protini za namna hiyo mara nyingi huanza na kipande chenye mpangilio maalumu, mithili ya stempu kwenye bahasha. Kutafuta stempu kati ya maelfu ya bahasha ni kazi ya programu. Upekuzi huo, ukisaidiana na majaribio ya maabara, ulitoa mwaka 2006 orodha ya antijeni, yaani protini ambazo walinzi wa mwili huzitambua, zikiwemo Tp1 na Tp2.

Lugha iliyotamba katika kazi za jenomu siku hizo ilikuwa Perl, ambayo Larry Wall aliitoa mwaka 1987 bila kuwaza biolojia. Ilipendwa kwa wepesi wake wa kupekua maandishi. Python na R zikaipokea kazi. Mwanafunzi huanza na mambo madogo: kufungua faili, kuhesabu herufi, kulinganisha mifuatano miwili. Wasiotaka kujifunza walibaki na Excel, ambayo iligeuza majina ya jeni za binadamu kuwa tarehe kwa ukaidi hata mwaka 2020 baadhi ya jeni zikapewa majina mapya. Kwangu mimi, huko ni kushindwa na jedwali.

Walimu wa kazi hii ndio walikuwa haba. Mwaka 2016 mtandao wa H3ABioNet ulifungua kozi ya utangulizi ya kuchambua data za biolojia kwa kompyuta katika madarasa 20 ya nchi 10 za Afrika. Mihadhara ilirekodiwa, na wanafunzi wakaketi pamoja na msaidizi wao chumbani, kwa kuwa intaneti ya kutegemea haikuwa kila mahali.

Mwaka uliofuata Diaeldin Salih na wenzake walichapisha uchunguzi wa jeni za Tp1 na Tp2 kutoka kwa ng'ombe wa Sudan Kusini. Zilitofautiana, lakini nyingi zilifanana na za kimelea cha Muguga kilichomo kwenye chanjo. Hilo linatia moyo kwamba chanjo ileile ya Kenya inaweza kuwafaa ng'ombe hao, ilimradi mtungi wa naitrojeni uwafikie.