Kutuliza Si Kuponya

Msomaji, bila shaka umepata kumwona mtu aliyeshika tumbo na kukunja uso, akilalamika kwamba linamwaka moto. Akipewa uji mwepesi au maziwa hupata nafuu, lakini baada ya saa chache maumivu humrudia. Ugonjwa huo, yaani kuvimba kwa utando wa ndani wa tumbo, umewatesa wanadamu tangu kale. Sikiliza basi habari ya jinsi chanzo chake kilivyofichuliwa.

Zamani madaktari wengi waliamini kwamba asidi, yaani yale maji makali yanayosaga chakula tumboni, ndiyo asili ya taabu yote. Kwa hiyo waliona ni heri kuipoza kwa chakula. Mwaka wa 1915 daktari mmoja wa Chicago, huko Marekani, jina lake Bertram Sippy, alitangaza utaratibu wake: mgonjwa alazwe kitandani, anyweshwe maziwa na malai kila saa tangu asubuhi hata jioni, na katikati apewe unga wa kupunguza asidi. Wagonjwa walipata raha, na utaratibu huo ukadumu miaka mingi. Lakini wengi walipouacha, maumivu yaliwarudia. Na baadhi ya walioushika sana waliharibika figo. Baadaye ilijulikana kwamba maziwa hutuliza kwa kitambo tu, kisha huchochea tumbo kutoa asidi zaidi.

Mwaka wa 1979, mjini Perth katika Australia, Daktari Robin Warren alitazama kwa hadubini vipande vya utando uliovimba, akaona vijidudu vilivyopinda. Wengi hawakusadiki, kwani ilidhaniwa kwamba hakuna kijidudu kiwezacho kuishi ndani ya asidi kali namna ile. Daktari kijana, Barry Marshall, akaungana naye. Walijaribu kuviotesha wasifaulu, hata Pasaka ya mwaka wa 1982, vyombo vilipoachwa siku nyingi kuliko desturi; vilipofunguliwa, vijidudu vilikuwa vimeota. Hata hivyo watu walizidi kushuka. Basi mwaka wa 1984 Marshall alivinywa yeye mwenyewe! Baada ya siku chache alianza kutapika, na alipochunguzwa, tumbo lake lilikuwa limevimba. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel.

Usidhani kwamba mambo haya ni ya mbali nasi. Mwaka wa 2007 wataalamu waliolinganisha vijidudu hivyo kutoka pande nyingi za dunia walieleza kwamba yaelekea vilitoka Afrika ya Mashariki pamoja na wanadamu, yapata miaka 58,000 iliyopita.

Je, chakula hakina kazi? Kinayo. Mgonjwa hufaidika akila kidogo kidogo, akiacha pombe na kila chakula anachoona kinamdhuru. Lakini uji hauui vijidudu, wala tangawizi haitoshi kuviondoa. Tena si kila tumbo huvimba kwa sababu yao; kwa wengine chanzo ni dawa za maumivu, kama aspirini, zinazomezwa mara kwa mara. Kwa hiyo yafaa mgonjwa apimwe hospitalini, na dawa ifuate chanzo. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Nawe waweza kuongeza kwamba nafuu ya jioni moja ni namna mojawapo ya kuyaficha.