Namba ya permis na umbo la ramani: namna vinavyounganishwa Kolwezi

Kolwezi na pembeni yake, kuuliza "mgodi huu uko kwenye udongo wa nani?" ni kuuliza habari ya makuta. Tangu Sheria ya Migodi ya 2002 ilipobadilishwa tarehe 9 Machi 2018, fungu moja la malipo ya madini ni haki ya eneo dogo ambamo uchimbaji unafanyika. Ili kujua ni eneo gani, inabidi kusoma ramani na orodha ya permis kwa pamoja. Sheria ni moja kwa nchi nzima, kwa hiyo maelezo haya yanawahusu pia wakaaji wa Kivu, Maniema, Ituri na Tanganyika.

Pande mbili za permis

Permis zote za migodi zinaandikwa na Cadastre minier (CAMI), ofisi ya Serikali yenye makao makuu Kinshasa. Kila permis ina pande mbili. Upande wa kwanza ni maandishi: namba, jina la mwenyewe, aina, tarehe ya kutolewa na tarehe ya kuisha. Aina zinazosikika sana ni PR, ya kutafuta madini, na PE, ya kuchimba, ambayo leo inatolewa kwa miaka 25 na inaweza kuongezwa.

Upande wa pili ni umbo kwenye ramani. Umbo hilo linajengwa na vipande vinavyoitwa carrés. Carré moja ni karibu hekta 85 (kwa hesabu kamili 84.955), na haikatwi vipande. Permis ya carrés 20, kwa mfano, ina hekta 1,699 na kidogo.

Katika kompyuta pande hizo mbili zinakaa mbalimbali: maandishi kwenye jedwali, umbo kwenye ramani. Kazi ni kuzifunga pamoja.

Uzi wa kufungia ni namba

Kinachofunga jedwali na umbo ni neno au namba iliyo sawasawa pande zote mbili. Wataalamu wanaiita ufunguo. Kwa permis, ufunguo ni namba yake, si jina la kompani. Kompani inaweza kubadilisha jina, kuuza permis au kuikodisha kwa mwingine, na kompani moja inaweza kushika permis nyingi. Namba ndiyo inabakia.

Kosa la kwanza linalotokea ni la uandishi. Tuseme jedwali moja limeandika "PE 100", lingine "PE100", na la tatu "100" peke yake. Mtu anaona ni kitu kimoja, lakini kompyuta inaona vitu vitatu, na umbo linabakia bila habari. Ndiyo maana kabla ya kuunganisha, namba zote zinasafishwa ziwe na sura moja.

Kosa la pili linajificha zaidi. Umbo la permis ni moja, lakini jedwali la malipo lina mstari kwa kila mwaka. Ukiunganisha tu, programu inaweza kuchukua mstari wa kwanza na kuacha mingine, ama kurudia umbo mara tano kwa miaka mitano. Hapo ukijumlisha hekta, utapata mara tano ya zile za kweli! Dawa ni mbili: kujumlisha malipo kwanza kwa kila permis halafu kuunganisha, ama kuacha majedwali mbalimbali na kuweka uhusiano tu kati yao. Ukibonyeza umbo, mistari yake yote inaonekana. QGIS, programu ya bure, inafanya njia zote mbili.

Permis moja, maeneo mawili

Hapa ndipo jambo linakuwa zito. Sheria inagawanya redevance, yaani malipo juu ya thamani ya madini yanayouzwa, hivi: Serikali kuu 50%, jimbo 25%, eneo lenye kujitawala (ETD) 15%, na mfuko wa vizazi vijavyo 10%. Kwa shaba redevance ni 3.5%. Kwa kobalti ni 10%, tangu iliposhikwa kuwa madini ya kimkakati mwezi wa Novemba 2018. Kwa hiyo redevance ikiwa dola 1,000,000, ETD inastahili dola 150,000. Makuta hayo yanatazamiwa kujenga masomo, vituo vya afya, maji na barabara.

ETD ni nini? Ni mji, komini, sekta au usultani (chefferie). Teritwari si ETD. Mtu akiunganisha permis na ramani ya teritwari, Mutshatsha ama Lubudi, anapata jibu ambalo sheria haikuliuliza. Inatakiwa ramani ya sekta, kama ile ya Luilu, na ya komini. Ndani ya Kolwezi kuna tatizo lingine: Dilala na Manika ni komini, zote ni ETD, na mji wenyewe pia ni ETD. Shimo moja linaangukia mara mbili.

Permis ikivuka mpaka, uhusiano unakuwa wa nyingi kwa nyingi: permis moja ina ETD mbili, na ETD moja ina permis nyingi. Jedwali moja halitoshi. Linawekwa jedwali la katikati: namba ya permis, jina la ETD, na idadi ya carrés. Permis ya carrés 20 inaweza kuwa na mistari miwili, 15 upande huu na 5 upande ule.

Lakini ukubwa wa udongo peke yake haumalizi mabishano. Sheria inasema mahali ambapo uchimbaji unafanyika. Inawezekana carrés 15 ni pori tupu, na shimo liko ndani ya zile 5. Ndiyo maana mashimo na viwanda vinachorwa peke yake, kisha vinaunganishwa kwa mahali, si kwa namba tu.

Ramani na maisha ya wachimbaji

Wachimbaji wa mikono, creuseurs, wanaruhusiwa kuchimba ndani ya maeneo yao, ZEA, na eneo lenye permis halali haliwezi kufanywa ZEA. Mnamo 27 Juni 2019, udongo ulianguka ndani ya eneo la kompani ya KCC karibu na Kolwezi, na zaidi ya wachimbaji 30 walikufa. Ramani haizuii udongo kuanguka. Lakini inaonyesha mapema mahali ambapo wachimbaji na permis vinakanyagana.

Huko mashariki, shirika la IPIS la Ubelgiji linachora mahali pa uchimbaji wa mikono tangu 2009. Kila mahali pana namba yake, na ziara za miaka mbalimbali zinafungwa kwenye namba hiyo: madini gani, wachimbaji wangapi, kama kuna watu wenye silaha.

Kwa anayetaka kuanza

- Chukua namba ya permis na umbo lake kwenye ramani ya CAMI iliyo kwenye intaneti. Andika tarehe uliyochukua, maana permis zinabadilika.
- Hakikisha ramani zote zina kipimo kimoja. Ramani za zamani za Katanga zilitumia kipimo cha 1955. GPS ya leo inatumia WGS 84. Ukizichanganya bila kugeuza, alama zinasogea na zinaweza kuvuka mpaka.
- Safisha namba, kisha unganisha.
- Hesabu mistari kabla na kisha. Ikiongezeka au ikipungua, tafuta sababu.
- Nenda uone kwa macho. Mpaka wa sekta uliochorwa vibaya unabakia vibaya hata kompyuta iwe nzuri namna gani, na wazee wa kijiji mara nyingi wanajua mto gani ndio mpaka.