Rangi na Uananchi Zama za Kupigania Uhuru

Wazee wetu wa Gatongora, waliofunga kipande shingoni katika mashamba ya Wazungu, walijua jinsi rangi ilivyompimia mtu ardhi na mshahara. Lakini tusisahau Kaloleni, Nairobi. Tarehe 23 Aprili 1950 Makhan Singh, Singasinga mzaliwa wa Punjab, alisimama akadai uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Mei akakamatwa, akakaa kifungoni na kizuizini hadi Oktoba 1961. Nao magadi waliolinda vijiji vya lazima vya 1954 (twasema kwa uchungu) walikuwa Wakikuyu wenzetu. Uhuru ulipofika 1963, Wahindi wengi walipewa miaka miwili waombe uraia. Kwetu sisi, miaka kumi na mmoja ya Singh ilikuwa maombi tosha.