Bahasha Tupu: Historia ya Wasee wa Kutafuta Makosa ya Marvel

Sasa wasee, tuanze na glavu.

Mwaka wa 2011 Thor ya kwanza ilitoka. Kuna mahali kamera inapita ndani ya chumba cha hazina cha Odin, na ukisimamisha video vizuri unaona Glavu ya Infinity iko pale, imejaa mawe yake yote. Ni ya mkono wa kulia. Halafu 2015, mwisho wa Age of Ultron, Thanos anatoa glavu yake mwenyewe. Hiyo haina jiwe hata moja, na ni ya mkono wa kushoto. Mashabiki wakaanza kelele. Kwani hizi glavu ni ngapi? Na kama Odin alikuwa na mawe yote nyumbani, huyu mzee wa zambarau anazunguka galaksi kutafuta nini? Ikabidi tungoje 2017, Thor: Ragnarok. Hela anaingia chumba kilekile, anaiangalia ile glavu ya zamani, anasema ni feki, anaiangusha. Sekunde chache tu na kesi ikafungwa.

Watu walicheka, na ni poa kucheka. Lakini hapo ulikuwa unaona kampuni kubwa ikijibu mashabiki wake ndani ya muvi. Na hiyo tabia haikuletwa na YouTube. Iko na zaidi ya miaka 60, na ukiifuata vizuri unagundua jambo moja: kosa kurekebishwa hakutegemei ni kubwa kiasi gani. Kunategemea nani ameliona.

Turudi miaka ya 1960. Stan Lee alikuwa anaandika komiki nyingi kila mwezi, kwa mbio. Mtindo wao Marvel ulikuwa hivi: Stan anampa mchoraji wazo la hadithi, mchoraji anaenda kuchora kurasa zote, halafu Stan anarudi kujaza maneno. Ukifanya hivyo mwezi baada ya mwezi, lazima kitu kidondoke. Ndio maana wahusika wake wengi wana majina ya herufi moja moja: Peter Parker, Reed Richards, Sue Storm, Bruce Banner. Stan mwenyewe alisema hiyo ilimsaidia kukumbuka.

Na bado alisahau. Kwenye The Amazing Spider-Man namba 1, mwaka wa 1963, kuna mahali Peter Parker anaitwa Peter Palmer. Mwaka uliofuata, kwenye Fantastic Four namba 25, Bruce Banner akageuka kuwa Bob Banner. Na Hulk mwenyewe alipoanza 1962 hakuwa kijani, alikuwa kijivu. Shida ni kwamba wino wa kijivu ulikuwa unatoka tofauti kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, kwa hivyo toleo la pili wakambadilisha akawa kijani. Hakuna mtu kwenye hadithi aliyeuliza kitu.

Wasomaji ndio waliuliza. Hawa walikuwa zaidi vijana wa Marekani, wananunua komiki kwa senti 12, wanasoma kila kiputo cha maneno, kisha wanaandika barua. Stan hangeweza kukana, jina lilikuwa limechapishwa tayari. Kwa hivyo kwenye namba 28 akatoa jibu: jina kamili la huyo jamaa ni Robert Bruce Banner. Bob ni kifupi cha Robert. Mpaka leo, zaidi ya miaka 60 baadaye, hilo bado ndilo jina rasmi la Hulk. Mtu alichoka siku moja, wasomaji wakamshika, na cheti cha kuzaliwa kikaandikwa upya.

Ile rangi ya kijivu nayo ikapata maisha yake. Miaka ya 1980 waandishi wengine waliirudisha, wakasema Hulk wa kijivu ni nafsi nyingine ndani ya Banner, mjanja zaidi. Akaishia Las Vegas akivaa suti na kujiita Joe Fixit. Shida ya wino ikawa mhusika kamili.

Sasa hapa ndipo biashara inaingia. Mwaka wa 1964 Stan alianza kutoa zawadi kwa wasomaji, akaiita No-Prize. Jina lenyewe linakuambia hakuna zawadi. Sheria zake zilibadilika mara nyingi, lakini ile iliyojulikana sana ni hii: ukiona kosa, usilitaje tu, eleza kwa nini halikuwa kosa. Ukifaulu, umeshinda. Kuanzia 1967 walikuwa wanakutumia bahasha kwa posta. Juu yake imeandikwa hongera, umeshinda, zawadi yako iko ndani. Unafungua, hakuna kitu. Bahasha tupu.

Maze, fikiria hiyo akili. Msomaji ananunua komiki kwa pesa yake, anatafuta kosa kwa muda wake, anaandika suluhisho kwa kichwa chake, analipia stempu, na malipo yake ni hewa. Na watu walizipenda hizo bahasha! Hata mimi ningeweka yangu ukutani. Hatukatai kwamba kuonekana ni kitu kitamu. Ila kuonekana hakulipi rent.

Kuna wachache waliopata zaidi ya bahasha. Roy Thomas alikuwa mwalimu wa Kiingereza kule Missouri, mtu wa kuandika barua kwa komiki na kusaidia kuchapisha jarida la mashabiki linaloitwa Alter Ego, lililoanza 1961. Mwaka wa 1965 akaajiriwa Marvel, na 1972 akachukua kiti cha Stan Lee cha mhariri mkuu. Mark Gruenwald naye alikuwa shabiki wa kutengeneza jarida lake mwenyewe, Omniverse, lililojadili mambo ya mfululizo wa hadithi na vile ulimwengu mmoja unashikana na mwingine. Marvel wakamchukua 1978. Ndiye aliyeongoza ule mwongozo rasmi wa wahusika wote wa Marvel ulioanza kutoka 1983: nani ana nguvu gani, ametoka wapi, amekufa mara ngapi. Gruenwald alifariki 1996. Alikuwa ameomba majivu yake yatiwe kwenye wino, na 1997 yakachanganywa na wino uliochapisha kitabu chake cha Squadron Supreme. Sijui kama kuna mtu amewahi kupenda kazi yake hivyo.

Na hapa nawapa ile siri ninayoipenda kuliko zote. Rudi uangalie Loki ya 2021. Mobius, yule wa masharubu na mvi anayechezwa na Owen Wilson, anafanya kazi kwa ofisi ya TVA, watu wa mafaili na mihuri ambao kazi yao ni kuhakikisha mtiririko wa wakati haujavurugika. Kwenye komiki, Mobius alichorwa akifanana na Mark Gruenwald, kama heshima kwake. Kwa hivyo yule afisa wa kulinda mtiririko kwenye skrini ametokana na shabiki aliyeanza kwa kufuatilia makosa. Ofisini kwao Mawe ya Infinity yanatumika kushikilia karatasi zisipeperuke.

Muvi zilipokuja, mchezo ukabaki uleule, pesa tu ndiyo iliongezeka. Disney walitangaza kuinunua Marvel mwaka wa 2009 kwa karibu dola bilioni 4. Kosa maarufu zaidi la enzi hii liko mwanzo wa Spider-Man: Homecoming ya 2017. Tunaonyeshwa mabaki ya vita vya New York, vile vya The Avengers ya 2012, kisha skrini inaandika miaka 8 baadaye. Piga hesabu, hiyo ni 2020. Lakini hadithi inafuata Civil War moja kwa moja, na Civil War ni 2016. Hata walioandika mtihani wa KCPE na homa wangeona hiyo hesabu haiingii. Mwaka wa 2018 Marvel wakatoa ratiba yao ya miaka 10 ya kwanza, wakaiweka Homecoming 2016 na kuyaacha yale maandishi yajitetee. Mwaka wa 2023 wakatoa kitabu kizima cha ratiba rasmi, na hicho unanunua. Yaani tulionyesha shimo, wakaliziba, wakatuuzia udongo.

Wakati mwingine tunawapa hadithi bure kabisa. Kwenye Iron Man 2 ya 2010 kuna mtoto amevaa kofia ya Iron Man, anainua mkono mbele ya roboti, Tony Stark anatokea kumwokoa. Mashabiki wakasema: huyo ni Peter Parker akiwa mdogo. Wakati ile muvi inatengenezwa, Marvel Studios hata hawakuwa na ruhusa ya kumtumia Spider-Man, haki za muvi zake zilikuwa kwa Sony. Mwaka wa 2017 Tom Holland akasema ni kweli, ni Peter. Nadharia ya watu wa mtandao ikawa historia.

Sasa nije kwetu, kwa sababu hapa ndipo swali la nani ameona linauma.

Ramani zinazoonekana kwenye skrini katika Civil War na Black Panther zinaiweka Wakanda upande wa kaskazini wa Ziwa Turkana, pale Kenya, Uganda, Ethiopia na Sudan Kusini zinakaribiana. Hapo ndipo ilipo Pembetatu ya Ilemi, ardhi ya kweli ambayo Kenya inaisimamia na Sudan Kusini inaidai, mzozo tulioachiwa na mistari ya wakoloni. Yaani nchi tajiri kuliko zote za Marvel imekalia mahali ambapo wafugaji halisi wamekuwa wakitafuta maji na malisho tangu zamani.

Na watu wa Wakanda wanaongea lugha gani? Kixhosa, cha Afrika Kusini. Ilikujaje? John Kani, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyecheza T'Chaka kwenye Civil War, alitumia lugha yake ya mama, Chadwick Boseman akajifunza, na ikawa lugha ya nchi nzima. Mimi napenda hiyo hadithi. Afadhali lugha ya kweli ya Kiafrika kuliko kubwata tu kama muvi za zamani. Lakini fikiria: mavazi ya Ruth E. Carter, yaliyoshinda Oscar 2019, yalichukua mawazo kutoka kwa jamii nyingi, Waturkana wakiwemo. Shanga zilifika Hollywood, lugha ikabaki Lodwar. Lupita wetu kwenye ile muvi anaongea Kixhosa na hata Kikorea.

Utaniambia, wewe, si hiyo ni nchi ya kubuni? Sawa. Asgard pia ni ya kubuni, na glavu yake ilirekebishwa.

Tofauti ni nani alilalamika. Orodha za makosa ya Marvel unazozikuta kila mahali zimejaa saa za ukutani, mikono ya kushoto na kulia, miaka 8. Ni vitu ambavyo kijana wa Ohio anaweza kuviona. Kijana wa Kakuma anaona kingine, lakini hakuna aliyemuuliza, na sisi wenyewe tukitengeneza video tunakopi orodha ya Ohio neno kwa neno.

Na si makosa tu, hata vitu vilivyofichwa. Kabila la M'Baku linaitwa Jabari, na mtu wa Kiswahili anajua jabari ni mwenye nguvu, shujaa. Kwenye Infinity War, kabla ya vita, wanapiga kelele Yibambe! Ni Kixhosa, maana yake shikilia. Sikia tena: bamba. Polisi wakikubamba, wamekushika. Lugha zetu ni ndugu, na hilo sikio la kusikia undugu huo mwandishi wa orodha wa Marekani hana. Kwenye komiki, ule mlima wa vibranium unaitwa Mena Ngai. Msee wa Nakuru anayeishi chini ya Menengai hahitaji nimweleze kwa nini nilisimama hapo.

Roy Thomas na Gruenwald walipata kazi kwa sababu waliona kitu kabla ya wengine, wakakiandika kwa jina lao na kukichapisha wenyewe. Jarida lilikuwa lao. Hilo ndilo somo ninalochukua kutoka hii historia. Ukiona kitu, kiandike kwa maneno yako, kwa lugha yako, weka tarehe, weka picha ya skrini. Mwaka wa 2020 mfanyakazi wa seti mwenye jinzi alionekana kwenye The Mandalorian, na Disney wakamfuta kimyakimya kwenye mtandao wao. Ushahidi uliobaki ni wa mashabiki waliopiga picha mapema. Siku hizi wakiamua kurekebisha, hawakujibu barua. Wanafuta.

Kwa hivyo homework: rudia Black Panther ukiwa na mama, shosho, au mtu yeyote anayejua mavazi na lugha za kwao. Mwache aongee, wewe andika. Ukipata kitu ambacho hakiko kwenye orodha yoyote, nitumie na nitakitaja kwa jina lako. Zawadi sina, lakini bahasha naweza kukutafutia.